Sketi ya Pisi Moja

Usinikunjie uso namna hiyo kabla sijafungua mdomo. Wewe unayeona kwamba watu wazima hawawezi kuunda kamati ya harusi, wakagawana na vyeo, bila bwana harusi mwenyewe kuwa na habari, hujawahi kukaa ugenini na watu wa kwetu. Nyamaza basi usikilize, ukitaka kubisha utabisha mwisho. Mambo haya yalitokea Guangzhou, mtaa wa Xiaobei, ndani ya jengo la Tianxiu, kwenye ofisi ya kargo ya Kamande, mtu wa Nairobi ambaye wenzake humwita Konteina kwa sababu ya tumbo. Ofisi yenyewe ni chumba kimoja chenye mlango wa kioo, mzani wa kupimia mizigo, na benchi lililonunuliwa kwa ajili ya wateja. Wateja hukaa juu ya marobota yao. Benchi ni la kahawa. Hapo hukaa Bartholomeo, aitwaye Profesa, anayesomea udaktari wa vitabu mwaka wa ngapi sijui, hata yeye hapendi kuulizwa. Hukaa Chacha, aitwaye Mwenyekiti, kwa kuwa hakijapata kufanyika kikao cha Watanzania hapa mjini asikiongoze. Na akija kufunga mzigo hukaa Imelda, mama mtu mzima mwenye duka la nguo Hedaru, kule Upare, ambaye hana jina la utani kwa sababu hakuna aliyethubutu kumpa.

Asubuhi hiyo Imelda alikuwa na jambo la kuamua. Mkalimani wake, Heriel, alimngojea mlangoni mwa lifti. Heriel naye ni wa Hedaru. Alizaliwa wakasema ni mtoto wa kiume, akalelewa hivyo, akaja China kwa skolashipu, akamaliza, akabaki kuwatafsiria wafanyabiashara. Miezi hii alikuwa ameanza kuishi kama mwanamke, kwa kuwa, alivyosema mwenyewe, ndivyo alivyo tangu ajijue. Leo saa nane mchana hospitali ingempa dawa za kuanzia, zile za homoni za kuugeuza mwili uwe wa kike. Daktari alimwambia aje na mtu wake mmoja, akae naye, asikilize dawa zinavyofanya kazi, ajulikane wa kupigiwa simu mgonjwa akizidiwa. Heriel akampigia mama yake Hedaru. Mama akasema hana mtoto wa namna hiyo, akakata simu. Kaka zake wakamtoa kwenye kundi la ukoo.

—Mama, utakwenda na mimi? Heriel alimuuliza Imelda pale kwenye lifti.

—Ngoja ninywe kahawa kwanza.

Basi ndiyo alikuwa anainywa, tena polepole kama mtu anayekunywa dawa ya minyoo. Usimcheke. Hedaru ni mji unaoupita kwa basi huku umelala. Mama Heriel na Imelda wanasali kanisa moja, wanakaa umoja mmoja wa wanawake, na kitenge cha mama Heriel cha Jumapili kimetoka dukani kwa Imelda. Habari hii ingefika Hedaru kabla ndege haijagusa ardhi. Duka lingekaa na inzi.

—Wasee, alianza Konteina huku akimimina kahawa, Heriel ako na dame.

—Nani kakwambia? akauliza Mwenyekiti.

—Kuambiwa? Nimeona na haya macho. Jana, soko la Zhanqian, kwa stoli ya sketi. Ameshika moja ya kijani, akazungusha kiuno yake kwa shingo.

Hapa nikueleze, usije ukadhani Konteina amechanganyikiwa. Kwenye maduka ya jumla ya huko hakuna kujaribu nguo. Ukitaka kujua kama suruali au sketi itamtosha mtu, unazungusha kiuno chake shingoni. Ncha zikikutana kisogoni, imetosha. Wanunuzi wote hufanya hivyo.

—Sasa habari iko wapi? akasema Profesa. Mkalimani kupima nguo ya mteja ni kazi yake.

—Buda, ngoja nimalize. Mteja hakuwa. Laobani, yule mama mwenye stoli, akamuuliza anataka dazani ngapi. Akasema pisi moja.

Vikombe vyote vikashuka midomoni.

—Moja?

—Moja! Laobani akasema busing, haiwezekani, hapa ni jumla. Heriel akabembeleza mpaka mimi nikaona aibu. Akapewa, akaikunja vizuri, akaiweka kwa begi kama yai.

—Basi amepata mchumba, akaamua Mwenyekiti. Hakuna mwanamume anayenunua sketi moja kwenye jumla ila kapenda.

Imelda akaunguza ulimi.

—Tutumie akili, akasema Profesa, akivua miwani kama anapanda jukwaani. Amepima kwa shingo yake mwenyewe. Kwa hiyo bibi harusi ana kiuno sawasawa na shingo ya Heriel mara mbili. Shingo ile si ndogo. Kwa nadharia, huyo si msichana wa Guangzhou. Wa hapa ni wembamba. Huyo ni wa kaskazini. Ni Mmongolia.

—Acha!

—Mmongolia mrefu. Anacheza mpira wa wavu.

—Manze, na kama ni mtoto wa mwenye factory? akadakia Konteina. Ndiyo maana anafichwa! Sisi tunabanana hapa na mzani, Heriel anaingia kwa familia ya pesa.

Mwenyekiti alikuwa ameshasimama.

—Jamani, tusichelewe. Kamati iundwe sasa hivi. Profesa, wewe ukumbi. Konteina, usafiri. Mama Imelda, wewe upande wa mama wa bwana harusi, maana ninyi ni wa mji mmoja. Mimi nitaongoza.

—Hilo la kuongoza tulilijua, akasema Imelda.

—Na mahari? akauliza Konteina. Mmongolia analipiwa nini?

—Farasi, akasema Profesa bila kusita.

—Tutatoa wapi farasi Xiaobei?

—Tutaagiza.

—Atapanda lifti gani? Ile ya mizigo imeharibika.

—Harusi itafanyika chini, uwanjani, akakata shauri Mwenyekiti. Farasi abaki chini.

Wakati huo mlango ulikuwa umefunguliwa, akaingia mwanamke kijana wa Eldoret anaburuta robota. Alisema anaitwa Chebet, ni mara yake ya kwanza China, na anaomba kupimiwa mzigo. Hakuna aliyegeuka. Akakaa juu ya robota lake kama desturi ya pale, akasikiliza habari za farasi.

—Heriel mwenyewe mmemuuliza? akasema Imelda. Alitaka kunyamaza, lakini mdomo wake haujazoea.

—Bwana harusi haulizwi, Mwenyekiti akajibu. Anaambiwa tarehe.

Hapo ndipo Heriel akaingia. Amevaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi, viatu vya chini, na sketi ya kijani. Kilikuwa kiuno chake mwenyewe, na shingo haikudanganya: sketi ilimkaa vizuri.

Konteina akaendelea kumimina. Kikombe kilijaa, kahawa ikateremka mezani, ikaingia kwenye kalamu za kuandikia marobota.

—Nimewasikia tangu kwenye korido, akasema Heriel. Hakuna Mmongolia. Sketi ni yangu, na mimi ni mwanamke. Leo naenda hospitali kuanza dawa. Nimekuja mlisikie kwangu, maana kesho mtanikuta hapa hapa na wateja wangu, na sitaki tunong'onane huku mizigo inalala.

Ungedhani watu wanaojua urefu wa kiuno cha Mmongolia wangekuwa na la maana la kusema. Mwenyekiti akakumbuka cheo chake.

—Ni maji ya mji huu. Mimi nilisema tangu zamani, maji haya si mazuri.

—Si maji, ni kuku, akasema Profesa. Kuku wa hapa wanapigwa sindano ili wakue haraka. Zile homoni zinaingia kwa mlaji.

—Kuku tunakula wote, Profesa, akasema Heriel. Wewe unakula mpaka wangu. Mbona ndevu zako zinazidi?

Chebet akacheka, akaziba mdomo.

—Ama ni hizi minara za simu, akasema Konteina, ingawa kwa sauti ya mtu asiyejiamini. Iko moja hapo juu ya paa. Mimi nywele zilianza kutoka nikihamia hii floor.

—Nyumbani wanajua? akauliza Mwenyekiti.

—Wanajua.

—Wanasemaje?

—Wanasema hawana mtoto.

—Si unaona!

—Nimeona, Mwenyekiti. Nimeona, nikalia, nikamaliza. Sasa nina saa nane.

Konteina akachukua kitambaa akafuta meza, kisha akauliza bila kumtazama:

—Na jina? Tukuite nani?

—Heriel hilohilo. Bibi yangu ndiye alinipa, sina ugomvi nalo.

—Afadhali. Wateja wako wote nimeandika Heriel kwa marobota.

Hiyo kwa Konteina ilikuwa hotuba ndefu ya kumkaribisha mtu, na Heriel aliielewa, maana alitabasamu kwa mara ya kwanza. Kisha akamgeukia Imelda. Hakumuuliza tena. Binti wa Hedaru hamuulizi mkubwa jambo moja mara mbili.

—Mama, shikamoo yako niliisahau asubuhi. Shikamoo.

—Marahaba.

—Nipo chini, kwenye ngazi za mbele. Saa saba naondoka. Na mtu au peke yangu, naondoka.

Akatoka. Na alipotoka ndipo ndimi zikafunguka.

—Kamati haivunjwi, akasema Mwenyekiti akipiga benchi. Inabadilishwa kazi. Iwe ya kumrudisha. Tumkatie tiketi, apokewe na mchungaji wa Hedaru pale stendi.

—Hataki kurudi, akasema Profesa. Humpandishi mtu ndege kwa nguvu, huyu si robota.

—Basi tumuoze! Akioa atatulia.

—Umuoze nani, Mwenyekiti? Umemsikia vizuri kweli?

—Yule Mmongolia.

—Mmongolia hayupo!

—Nani kasema hayupo? Konteina si kaona sketi?

—Sketi alikuwa amevaa, buda. Imetoka hapa mbele yako sasa hivi.

—Basi ni vita ya kibiashara, akasema Mwenyekiti, jasho linamtoka. Kuna watu wametumwa watuvurugie vijana ili sisi tuache kununua. Kwanza sketi, kesho utasikia konteina zimezuiwa bandarini.

 Imelda alikuwa anatafuta sababu ya kubaki pale benchini. Alijaribu ya kwanza: hajui mambo ya hospitali. Uongo, alizaa watano na akauguza mume. Akajaribu ya pili: hajui Kichina. Heriel, atakayekuwa naye, anakijua kuliko Wachina wengine. Ya tatu: mzigo haujafungwa. Mzigo ulikuwa umefungwa tangu jana, Heriel ndiye aliyesimama juani akihesabiana na wapagazi. Iliyobaki ilikuwa moja tu, uso wa mama Heriel Jumapili baada ya ibada. Huo uso aliutazama sana, kutoka huku mbali. Ulikuwa uso mkali, na alijua una haki ya kumwogopea mtoto. Lakini ulikuwa Hedaru, na mtoto alikuwa chini kwenye ngazi.

—Samahani, akasema Chebet kutoka juu ya robota lake. Sijui kama ni mahali pangu kuongea. Nilitaka tu kuuliza. Yule dada, hospitali anaenda na nani?

 Profesa akaanza kusafisha miwani iliyokuwa safi. Konteina akatazama mzani kana kwamba umemwita.

—Yaani nyote mnamjua, akaendelea Chebet, wala hakuwa anawasuta, alikuwa anataka kujua kweli. Mmepanga mpaka farasi. Sasa leo ni nani anaenda naye?

 Kwenye korido ile lifti iliyo nzima ilipita ikilalamika.

Imelda akaweka kikombe chini. Akachukua mkoba, akatoa kanga, akajifunga kiunoni kama anakwenda msibani au sokoni, maana kwake mavazi ya kazi ni hayo hayo.

—Mama Imelda, unakwenda wapi? akauliza Mwenyekiti.

—Hujasikia swali?

—Utafikiri Hedaru hakuna masikio! Mama yake utamwambia nini?

—Nitamwambia mtoto amekula, amelala vizuri, na daktari wake ananawa mikono. Akitaka kujua zaidi ataniuliza. Hataniuliza mwezi huu. Ataniuliza.

—Watasusia duka lako.

—Watavaa nini, Chacha? Majani ya mkonge?

Konteina akacheka kwa pua. Mwenyekiti akajaribu mara ya mwisho, kwa sauti ya chini, na safari hii hakuwa anaongoza kikao.

—Lakini mama, wewe umeyaelewa haya mambo?

—Nusu. Nusu nyingine daktari ataeleza, ndiyo maana kasema aje na mtu. Konteina, mpimie huyu binti mzigo wake, amekaa hapo kama kreti ya soda. Profesa, wewe jioni unaleta kuku, tutakuwa na njaa. Na wewe Mwenyekiti, hiyo kamati ukiivunja utakuwa mjinga. Mtu anaanza maisha, anahitaji sufuria, shuka, feni. Changisheni.

—Kamati ya nini sasa? Tutaiitaje?

Imelda hakusubiri wapate jina. Akatoka, akaufunga mlango nyuma yake.