Historia ya Marehemu Teodori Gwandu, Fundi wa Viko wa Singe

Baba Paroko, Katekista Egidius, ndugu waombolezaji, Tumsifu Yesu Kristo. Mimi ni Sylvesta, mdogo wa marehemu, nimesoma hadi darasa la nne kama yeye, nikikosea kusoma mnivumilie, na lipo kosa kubwa zaidi nitakaloliungama nikifika kwenye kazi yake, maana sitaki kushika koleo la udongo nikiwa na kosa hilo moyoni.

Marehemu alizaliwa Mbulu tarehe 14 Machi 1929, akasoma shule ya misheni mwaka 1939 hadi 1942, akafundishwa useremala na bruda mmoja, akahamia hapa Singe mwaka 1956, na tarehe 15 Juni 1957 akafunga ndoa na Natalia, wakajaliwa watoto sita, wa kwanza akiwa Ursula.

Alitengeneza milango na viti, lakini wazee wa Nakwa hadi Sigino walimjua kwa viko vya mzeituni mwitu, ingawa yeye hakuvuta tumbaku hata siku moja, alikinyonya kiko kitupu tu, akisikiliza kama hewa inapita sawasawa. Kiko kina matundu mawili, pana la tumbaku na jembamba la moshi, na lazima yakutane chini kabisa, la sivyo tumbaku huloa na mzee hukurudishia kiko chako na maneno juu. Biti ya keekee, yaani chuma cha kutobolea, ya tundu pana aliichonga mwenyewe kwa springi ya gari, lakini ile nyembamba ilivunjika Februari 1983, wakati hata sabuni tulipangia foleni, na haikupatikana Babati wala Arusha, msumari ukawa mfupi, waya ukapinda, wazee kumi na mmoja wakawa wanasubiri.

Ndipo mimi, Jumapili moja Katekista akiwa ndani ya kanisa anafundisha, nikachomoa spoku mbili kwenye baiskeli yake, ambayo gurudumu lake lilikwisha kuwa na mapengo kama mdomo wangu, nikamwambia kaka nimepewa na dereva wa lori. Aliponda ncha ya moja, akainoa kwa tupa, akaichoma hadi ikawa nyekundu, akaizamisha kwenye mafuta ya mkia wa kondoo, na shemeji akauliza, "Baba Ursula, leo mboga tunaunga kwa chuma?" Biti ilikata vizuri ajabu.

Siku ya nne Katekista alianguka njia ya Sigino, gurudumu limekunjika. Kaka aliniangalia, akasema, "Mdogo wangu, lori lile linatembelea magurudumu ya baiskeli?" Nikashika ufagio, nikafagia maranda. Akaenda kwa Katekista, akasema spoku ziko kwake, jina langu hakulitaja, akajibiwa, "Teodori, ungeniomba ningekupa na kengele." Tangu hapo alimbebea begi lake la vitabu kwa miguu kila Jumapili hadi Sigino, hata baada ya gurudumu jipya kupatikana mwaka 1985, na kwa uchaji ule tukamchagua mwenyekiti wa jumuiya, mimi nikiwa wa kwanza kunyoosha mkono.

Alianza kuumwa tumbo Mei 1987, akafariki Jumanne tarehe 18 Agosti, saa nane mchana. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliotuletea kuni na maji, na mafundi wenzake waliochonga jeneza hili.

Katekista, spoku ya pili hakuigusa, nimeikuta sandukuni mwake imefungwa kwa kitambaa chenye jina lako, ninayo hapa, ukinisamehe nitashika koleo, usiponisamehe nitasimama pembeni.

Pumzika kwa amani, kaka, Jumapili hii begi nitabeba mimi.