Hedley Vokey na Saa Moja ya Mafuta

Marehemu mzee Hedley Vokey alijiandikia wasifu wake mwenyewe, kurasa mbili, akapanga na mazishi yake hadi dakika: kuingia kanisani saa nne kamili, wimbo dakika nne, wasifu dakika sita, jeneza kutoka saa tano kasorobo. Ndivyo alivyokuwa. Karatasi yake imebaki nyumbani mezani. Hii inayosomwa imeandikwa na bintiye, Una, kwa sababu ile ya baba ina uongo kuhusu Selby, kaka yake Una, na uongo huo umeishi miaka ishirini na sita. Bernice, mjane wa Selby, ameketi pale mbele. Tunamwomba avumilie mpaka mwisho, maana haya ni yake.

Mzee Hedley alizaliwa tarehe 9 Machi 1921 huko Wesleyville, Newfoundland, mtoto wa tatu wa Eldred Vokey, mwindaji wa sili, na mkewe Drusilla. Alipokuwa na miaka saba, meli ya baba yake ilikwama kwenye barafu. Nyumba nzima ililia isipokuwa yeye. Alikaa dirishani na penseli akihesabu upepo na unga uliobaki melini, akatangaza siku ambayo baba angerudi. Baba akarudi siku moja baadaye, ndevu zimeganda. Mtoto akampokea mlangoni: "Ulitakiwa kufika jana." Alipigwa kofi ambalo alilisimulia kwa kicheko maisha yake yote, na kila aliposimulia alisisitiza kwamba hesabu yake ilikuwa sahihi, ni meli iliyochelewa.

Alisoma shule ya kanisa ya chumba kimoja, akaacha mwaka 1935. Ripoti yake ya mwisho ipo. Mwalimu aliandika: "Hesabu, bora kabisa. Kuishi na wenzake, hapana." Hatuna la kuongeza hapo.

Mwaka 1938 alikuja hapa Gander kubeba kokoto za uwanja wa ndege. Vita vilipoanza na ndege za mabomu zikawa zinavuka bahari kutoka hapa, aliingizwa ofisini kuchora ramani za hali ya hewa. Alistaafu kazi ya serikali mwaka 1971, akafungua ofisi yake ndogo pembeni ya banda la ndege. Wote mnaijua. Marubani waliokuwa wakipeleka vindege vipya Ulaya, injini moja, matangi ya ziada yamejazwa mpaka kwenye kiti cha abiria, walipita kwake kwanza. Yeye aliwapangia kwenye karatasi njia, upepo, mafuta, na ile sehemu katikati ya bahari ambayo ukishaipita huwezi tena kurudi. Katika miaka kumi na miwili ya kwanza hakupoteza hata mmoja.

Siri yake ilikuwa saa moja. Ndege iliyobebeshwa namna ile haifuati kitabu cha kiwandani, kwa hiyo kiasi ambacho injini ingekunywa kilikuwa kile alichosema Hedley. Naye aliandika kwamba inakunywa zaidi kuliko kweli. Kama karatasi ilisema una mafuta ya masaa kumi na tatu, ulikuwa na ya kumi na nne. Hakumwambia mtu. Lakini marubani si wajinga, walikuwa wakitua Shannon, kule Ayalandi, wanapima matangi wanacheka. Kila mtu alijua, na hakuna aliyetamka. Ndiyo iliyokuwa desturi ya hapa.

Tarehe 12 Juni 1948 alimwoa Effie Hounsell wa Musgrave Harbour. Effie alikuwa mcheshi, na kwa mume kama huyu ilimbidi. Alikuwa akimwambia mbele ya wageni, "Hedley, hata ukienda chooni lazima ujue upepo unatoka wapi?" Mzee alikula maandazi yake ya mafuta ya nguruwe na molasi kila Jumamosi, matatu, hakuwahi kula la nne. Walijaliwa watoto wawili: Selby mwaka 1951, na Una mwaka 1954.

Selby alikuwa rubani. Alikuwa na mdomo, tuseme ukweli, na alipenda watu wacheke. Mwanzoni mwa Oktoba 1983, kantini ya uwanjani, rubani mgeni alikuwa akilalamika kwamba karatasi ya mzee inambana. Selby akamgonga bega: "Bwana wee, usimwogope baba yangu. Alichoandika ongeza saa moja. Anatufichia kama bibi anavyoficha peremende!" Kantini nzima ikaangua kicheko. Bernice, aliyekuwa akigawa chai pale, anakumbuka kwamba mzee alikuwa amesimama mlangoni na kofia mkononi. Alichukua chai yake akaondoka.

Tarehe 17 mwezi huohuo Selby aliondoka kwenda Shannon. Upepo wa nyuma uliotabiriwa haukuwepo. Baada ya masaa sita angani aliona upepo umemgeukia usoni, na kwamba safari nzima ingemchukua masaa kumi na tatu na nusu. Karatasi ilimpa kumi na tatu. Wakati huo bado angeweza kurudi nyumbani, upepo ukimsukuma, akala chakula cha jioni na mkewe. Ndege kubwa ya abiria ilikuwa juu yake ikimpelekea ujumbe wake nchi kavu. Nahodha wa ndege hiyo alimuuliza Selby kama mafuta yanatosha. Sauti ya Selby imo kwenye tepu: "Karatasi inasema hapana, lakini mzee wangu hunifichia saa moja. Naendelea."

Aliingia majini chini ya maili ishirini kabla ya pwani ya Ayalandi. Waliokota kipande cha bawa na boti ya mpira, tupu.

Kwenye uchunguzi mzee alisikilizishwa tepu ile. Akaulizwa kama aliwahi kumfichia rubani mafuta. Alisimama na tai yake nyeusi akajibu, "Sijawahi, katika maisha yangu yote." Na marubani waliokuwa wakicheka kantini wakatazama viatu vyao, maana nao walihitaji karatasi za wiki inayofuata. Baadhi yenu mpo hapa leo. Basi ikaandikwa kwamba rubani alipita sehemu ya kurudi kwa uzembe wake mwenyewe.

Halikuishia hapo. Mzee alitundika karatasi ya Selby ukutani ofisini, akaipiga mstari mwekundu, na kwa miaka tisa kila kijana mpya aliyeingia alioneshwa: "Huyu ni mwanangu. Usiwe kama yeye." Kisha wakashuka kantini wakahudumiwa chai na Bernice, mwenye mimba, halafu mwenye mtoto mgongoni. Mtoto huyo, Daphne, alikulia mji huu akiitwa mtoto wa yule aliyeshindwa kujumlisha. Effie alifariki tarehe 3 Mei 1996 akimwombea msamaha mtoto ambaye hakuwa na kosa, na mumewe akimshika mkono na kuitikia amina.

Figo za mzee zilianza kumsumbua mwaka 2007. Alilazwa Septemba mwaka huu. Tarehe 19 Oktoba, Una akimlisha supu, mzee alisema bila kuulizwa:

"Ile ya Selby haikuwa na saa."

"Saa gani, baba?"

"Yangu. Niliitoa. Alinidhalilisha mbele za watu. Nilitaka afike Shannon, apime matangi, akute hakuna kitu, akome."

"Ulimwambia?"

"Ningemwambia, angejifunza nini?"

Una aliweka kijiko chini. "Na tepu uliisikia. Ukaapa."

"Nilikuwa na marubani kumi na mmoja wananingoja wiki ile, Una. Wangeniamini tena?"

"Mwite Bernice umwambie."

"Wasifu nimeshauandika. Utausoma kama ulivyo." Akafungua mdomo akingoja supu. Una hakumpa.

Aliishi siku kumi na nne zaidi. Bernice alikuja mara mbili, akamletea soksi za sufu alizozifuma mwenyewe, akamvalisha kwa mikono yake. Mzee alisema asante. Una alikuwepo mara zote mbili, akamtazama, akamsubiri. Asante ndilo neno pekee lililomtoka. Alifariki Jumatatu tarehe 2 Novemba 2009, saa kumi na dakika kumi alfajiri, akiwa na miaka themanini na minane, miguu yake ikiwa na joto.

Una anajua kwamba wapo watakaosema marehemu hasemwi hivi. Selby naye ni marehemu, na amesemwa miaka ishirini na sita, wa kwanza wa kumsema akiwa baba yake. Una ana hasira na hataki kuificha. Alimpenda baba huyu, hilo nalo ni kweli, na linamuuma zaidi ya hasira.

Mzee Hedley ameacha binti, Una, mkwe, Bernice, na mjukuu, Daphne, ambaye hakuwahi kumwita babu.

Selby hakuwahi kusomewa wasifu. Hapakuwa na mwili, na mzee alisema hakuna haja. Basi tunausoma leo, ni mfupi. Selby Vokey, mume wa Bernice, baba wa Daphne, alizaliwa tarehe 30 Januari 1951, akafariki tarehe 17 Oktoba 1983. Alihesabu kwa kile alichopewa siku zote na baba yake. Daphne, sikia: baba yako alijumlisha sawasawa.

Apumzike kwa amani Selby.

Mzee Hedley tunaweza sasa kwenda kumteremsha kaburini.