Ufagio wa Msimamizi

Katika kiwanda kile cha kushona sare kila mtu anaijua sheria: achelewaye hufagia ukumbi mbele ya wenzake kabla ya kugusa cherehani. Niliisikia kutoka kwa msimamizi wake mwenyewe, mama wa makamo aliyeketi mbele yangu ndani ya basi. Treni ilikuwa imetuzuia kwenye reli, naye alikuwa amekwisha kuchelewa.

“Si ufagie tu, dada, yaishe?” alisema jirani yake, fundi bomba. Hawakuwa wakijuana, jambo ambalo siku hizi halimzuii mtu kutoa ushauri.

“Ingekuwa rahisi hivyo, kaka! Mwezi uliopita nilichelewa, nikapita moja kwa moja ofisini. Kesho yake akachelewa binti mmoja, mshonaji wangu bora. Nikampa ufagio. Akaniuliza, ‘Na wewe jana, mama?’ Nikamfukuza kazi kwa utovu wa adabu.”

“Kumbe alisema kweli!”

“Ndicho kinachoniuma. Waliobaki wanafagia wamenuna, na hakuna anayenitazama usoni.”

“Lakini bosi mzima ukishika ufagio, si watakucheka?”

“Na wacheke.”

Sikumwamini, maana watu huahidi mengi wakiwa wameketi. Basi liliposimama mbele ya kiwanda kusubiri abiria, aliteremka. Kupitia milango iliyokuwa wazi nilimwona akiweka mkoba chini, akachukua ufagio, akainama. Hakuna aliyecheka. Alifagia safu baada ya safu, na alipofika kwenye cherehani moja isiyo na mtu, alisimama.