Consolatha na Kihisi Kilichoona Mwanga

Ndugu waombolezaji, na ninyi watani wetu Wazaramo mliojaa hapo mbele, nipeni dakika chache nisome. Nikimaliza, uwanja ni wenu.

Consolatha Wilbroad Mihayo alizaliwa Sikonge tarehe 9 Juni 1977, mtoto wa tatu wa Mzee Wilbroad, mfuga nyuki, na Mama Josepha. Mimi, Wenceslaus, ndiye ninayemfuata, na nilichapwa sana kwa redio alizozifungua yeye.

Alisoma Sikonge, Tabora mjini, kisha chuo kikuu Dar es Salaam, akapata shahada ya uzamivu Ujerumani mwaka 2009 na kurudi Dar kufundisha. Alifunga ndoa na Mwalimu Nikolaus mwaka 2005.

Kazi yake ilikuwa kihisi cha mwanga, yaani kifaa cha kutambua mwanga, kidogo kuliko chembe ya vumbi, cha kukaa ndani ya chipu ya kompyuta ili sehemu zake zipashane habari kwa mwanga badala ya umeme. Kiligoma miaka kumi na moja. Baba akatangaza Sikonge nzima kwamba bintiye anatengeneza tochi, ikawa kila likizo analetewa tochi mbovu. Alizitengeneza zote.

Msaidizi wake, Najiat, ni Mzaramo. Mara tano alimpigia dada simu kwamba kihisi kimeona mwanga, na mara tano ulikuwa utani.

Mwaka 2024 dada aligundulika ana saratani, akarudi huku Tabora mjini, mtaa wa Cheyo. Alitaka jambo moja tu: kihisi kione mwanga yeye akiwa hai. Tarehe 11 Machi 2025 Najiat alipiga simu akilia, kimeona. Dada akakata simu, akalalamika kwamba Wazaramo hawamwachi hata augue kwa heshima. Najiat aliapa, wapi! Ikabidi apande basi na kompyuta yake. Tarehe 13 alikaa kitandani pa dada, wenzake wakamulika kihisi kule Dar, na mstari wa kipimo ukapanda kwenye kioo cha kompyuta. Dada akaamuru wazime. Ukashuka. Aliwawashisha na kuwazimisha mara tisa, ndipo akasema, "Leo umesema kweli, mtani. Usirudie."

Najiat alilia, sisi tukacheka mpaka majirani wakaja.

Alifariki tarehe 17 Machi, akiwa na furaha kabisa.

Ameacha wazazi, mume, watoto wawili Amon na Bernadeta, sisi ndugu zake wanne, na kihisi kisichoonekana kwa macho ambacho, anasema Najiat, hata asubuhi ya leo kimeona mwanga. Safari hii tumemwamini.

Mungu akupumzishe salama, dada yetu.