Kapo ya Moto

Jirani ya Lwamba aliapa kwamba ile jeep ya Kabambare ilivuka mto Luama maji yakiwa yamefika milangoni, na haikukohoa hata kidogo. Lwamba alirudilia habari hiyo kwa sauti, juu ya magunia ya muchele yaliyojaza lori, ili kamio yote isikie kwamba anaenda kuinunua. Elodie, abiria mwenzake aliyekaa karibu naye, alijiuliza kama jirani huyo alishapanda gari yoyote.

"Ya Luama sijui," alisema Mama Jeanine, muuza mawese. "Mie ile jeep naijua kwa upande wa matako. Kila asubuhi abiria tuliisukuma. Ikipata moto inatembea kama malaika, ikipoa ni maiti. Papa, ukifika, weka mukono kwanza juu ya kapo, kile kifuniko cha moteri. Kama iko na moto, ujue wameshaisukuma."

"Mama, mwenye gari ni mukwe wangu! Nianze kupapasa gari yake mbele ya kumusalimia? Ataniwekea kiti, ataniletea kuku."

"Ndiyo vile! Wewe unatafuna kuku, wao wanasukuma nyuma ya nyumba. Na kuku ikishaingia tumboni, utamuambia mukwe gari yake ni mugonjwa?"

Lwamba alikuwa ameuzisha shamba lake la michikichi kwa ajili ya jeep hiyo. Elodie alimuhurumia, ingawa habari za kuku zilimufanya ameze mate.

Kamio ilipunguza mwendo, soko la Kabambare likaonekana. Lwamba alimusogelea Jeanine.

"Mama, twende wote. Nitasema wewe ni dada ya mama yangu. Mie nitakula, wewe utagusa."

"Lakini paja ya kuku utanibakizia," alisema Jeanine, na shofere akazima moteri.