Kibao Nilichowavisha Watoto

Wazee wangu, shikamooni. Wanajumuiya wenzangu, nimepewa nafasi hii kabla ya sala ya kufunga, nami nimeiogopa wiki nzima.

Mnanifahamu: ni yule mwanafunzi wa shahada ya uzamili aliyekuja shule ya kijiji, upande wa kwenda Laela, kuwasaidia watoto wa darasa la tatu kuongeza msamiati wa Kiingereza. Wengi nyumbani husema Kifipa. Watoto wa wafugaji, Kisukuma. Nilitaka matokeo ya haraka. Nikachonga kibao, nikakitia kamba: anayesema lugha isiyo Kiingereza shuleni, hata Kiswahili, anakivaa shingoni mpaka amnase mwenzake akikosea vilevile.

Ndugu zangu, nawaambia, kilifanya kazi. Kelele zilikoma. Niliandika kwenye daftari la utafiti kwamba nidhamu imeimarika. Sikujiuliza kwa nini watoto wanacheza kimya. Mpishi wa uji alinitania, "Mwalimu, hawa umewapa dawa gani? Hata kugombana hawagombani." Nikacheka.

Masika yalijaza maji shimo lililochimbwa udongo wa matofali nyuma ya jiko. Asubuhi moja, saa ya uji, binti wa wafugaji alikuja mbio, akasimama mbele yangu. Mdomo ulifunguka, ukafungika. Nikamwambia kwa Kiingereza atumie maneno niliyomfundisha. Alitafuta. Akapata moja tu, la maji. Nikampongeza, nikamwonyesha ndoo ya maji ya kunywa.

Hakwenda. Alikuwa analia bila sauti. Mpishi akaweka upawa chini: "Mwanangu, sema hivyo hivyo unavyojua."

Mtoto akanitazama mimi kwanza. Ndipo akasema, kwa Kiswahili cha kukatikakatika, kwamba mwenzake ametumbukia shimoni.

Tulimtoa akiwa hai, amelegea, midomo imebadilika rangi. Zilipita sekunde ngapi kati ya pongezi yangu na maneno yale? Nimezipigia hesabu mara nyingi, na kila mara zinaongezeka.

Niliacha utafiti. Nilijifungia chumbani mjini Sumbawanga, sili, sipokei simu. Mpishi ndiye aliyepanda basi kunifuata. "Unajificha ili nani afundishe?" aliniuliza. "Ulichoharibu, kakitengeneze mwenyewe."

Nikarudi, kibao nikakiondoa. Siku hizi mtoto hutaja kitu kwa lugha ya mama yake, kisha kwa Kiswahili, na Kiingereza kinafuata. Maneno yanaingia polepole, ila yanakaa.

Juzi binti yule alinikatiza katikati ya somo kwa Kiswahili, bila woga: "Mwalimu, kichwa kinaniuma." Niliweka chaki chini, nikaenda kumgusa paji la uso.

Namshukuru mpishi. Nawashukuru wazazi wa mtoto aliyezama, ambao walinikaribisha kiti kabla sijaomba radhi. Sina hakika kwamba nilistahili. Nanyi nawaomba jambo moja tu: mtoto wenu akirudi kutoka shuleni ametulia kupita kawaida yake, msifurahi upesi. Kaeni naye, mumuulize anaogopa nini, na mumwache ajibu kwa lugha yoyote.