Kiti cha Karibu na Mlango

Mama mmoja mzee, fundi cherehani, alikaa kiti cha karibu na mlango wa basi, juu ya kitambaa cha flana alichojishonea tangu mkojo uanze kumponyoka. Jirani yake alikuwa bibi mwenye mkeka uliokunjwa.

"Msibani, dada?"

"Naenda yoga."

Fundi akaguna. "Kwa uzee huu?"

"Ni mkojo, mwenzangu. Nikicheka tu, umetoka. Tunafundishwa kuvuta pumzi, kubana kule chini, kuachia. Haujakoma, ila umepungua." Aliyasema kama mtu anayetaja bei ya vitunguu.

Fundi akageukia dirisha. "Mdogo wangu alizikwa, sikwenda. Safari ya kutwa nzima, basi halisimami ovyo. Nikawaambia ni magoti. Mpaka leo watoto wake hawanisemeshi."

"Hukumwambia hata mmoja wao?"

"Ningeanzaje?"

"Kama ulivyoanza sasa hivi."

Basi likasimama, bibi akashuka na mkeka wake. "Njoo basi. Mikeka ya kuazima ipo."

Fundi akajiinua kidogo, akapapasa flana. Ilikuwa imelowa.

"Mama, unashuka?" konda akauliza, mlango ukiwa wazi.